SOMO LA VIKUNDI: SEMEI KAKUNGULU NA KITABU CHAKE
Soma: Kumbukumbu la Torati 6:6-9

Wengi wetu tulikimbia Mocímboa da Praia mwaka 2020 na Palma mwaka 2021 bila hata Biblia mkononi. Tangu hapo kina mama huniuliza: Mchungaji, watoto watafundishwa kwa kitabu gani?

Semei Kakungulu alikuwa Mganda, jemadari wa vita. Aliwasaidia Waingereza kuziteka nchi za mashariki mwa Uganda, na mji wa Mbale ulianzishwa naye. (Kwa habari ya kuteka watu simsifu; sisi tunajua maana yake.) Mmisionari wa Kiprotestanti alimfundisha kusoma Biblia, tena Biblia ya Kiswahili, lugha yetu hii hii. Akashikwa sana na vitabu vya Musa. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe. Wenzake walipomwambia hayo ni mambo ya Wayahudi, akajibu kwamba basi tangu siku ile naye ni Myahudi.

Sasa angalieni. Hakuwa na rabi wala sinagogi la kujifunzia. Mwaka 1920 akapita Myahudi mmoja mgeni, jina lake Yosef, akakaa naye kama miezi sita, akamfundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Kisha akaondoka. Mwaka 1922 Kakungulu akaandika kitabu kwa Kiganda, kurasa kama 90, chenye sala na maagizo, ili watu wake wapate kufundishana. Akafa mwaka 1928.

Mimi ni mchungaji, siwezi kumfuata pale alipomwacha Kristo. Lakini wale watu wake, Abayudaya, hawakutawanyika mwalimu alipokufa. Idi Amin alipopiga marufuku ibada yao, wengi waliacha, wachache wakasali kwa siri majumbani. Amin alianguka mwaka 1979, nao wakatokea tena. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisoma Marekani, akawekwa kuwa rabi mwaka 2008, akarudi kwao.

MASWALI
1. Yosef alikaa miezi sita tu. Sisi tuliosoma kidogo tunangoja nini kufundisha?
2. Ni maandiko gani unayakumbuka kwa kichwa?

Jumapili kila nyumba ilete daftari moja. Wazee watasema wanayoyakumbuka, vijana wanaojua kuandika wataandika. Asiye na kalamu aje vilevile.