Hakimu Mwenye Deni la Shukrani



Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome taratibu Kumbukumbu la Torati 16:18-20 na Luka 18:1-8. Somo letu leo ni mahakama, na watu wanaojitolea kuzilinda zisiegemee upande. Najua wengine mtasema, "Frateri, hayo si mambo ya wanasheria?" Hata mimi nilifikiri hivyo, mpaka siku nilipoketi kuamua.

Kinanda cha kwaya

Nilikuwa kwenye mwaka wa uchungaji, parokia moja ya kijijini. Kwaya ya vijana iligawanyika, pande mbili zikagombania kinanda kilichonunuliwa kwa michango ya wote. Baba Paroko alikuwa safarini, akaniomba niwasikilize. Nikawasikiliza karibu saa tatu, kisha nikaamua kinanda kiende kwa kundi la kijana aliyekuwa mweka hazina. Kwa hoja nilizosikia, niliona nimetenda haki kabisa.

Tulipotoka, katibu wa kundi lililoshindwa, binti mpole asiye na maneno mengi, akanifuata. "Frateri, hatusemi umekosea," akaniambia. "Ila baba yako alipolazwa, nauli ya kwenda kumwona ulipewa na nani?"

Nauli nilipewa na mama yake yule mweka hazina. Na kwaya nzima ilijua.

Nilikasirika. Nikamjibu kwamba moyo wangu ni safi mbele za Mungu, na nikaenda kulala nikijiona nimeshinda mjadala.

Kesi ya West Virginia

Baadaye, nikirudia madaftari yangu ya falsafa kuhusu fadhila ya haki, nikakutana na kesi ya Marekani ambayo jibu langu lilikuwa limeshatolewa na jaji wa kweli.

Mwaka 2002, katika jimbo la West Virginia, nchi ya makaa ya mawe, raia walioketi kuamua kesi waliona kwamba kampuni kubwa ya Massey ilimhadaa mchimbaji mdogo, Hugh Caperton, na kuiharibu biashara yake. Wakaamuru alipwe yeye na kampuni zake dola milioni 50. Massey ikajiandaa kukata rufaa.

Sasa angalia. Huko majaji wa mahakama ya juu ya jimbo huchaguliwa kwa kura, kama wabunge. Uchaguzi ulikuwa 2004. Mkuu wa Massey, Don Blankenship, akatumia kama dola milioni 3 kumsaidia mgombea mmoja, wakili Brent Benjamin. Sehemu kubwa ilipitia kikundi kilichompiga vita jaji aliyekuwa akitetea kiti chake. Fedha hizo zilizidi zile za waungaji mkono wengine wote wa Benjamin zikijumlishwa. Benjamin akashinda.

Rufaa ilipokaribia, Caperton akaomba Jaji Benjamin ajitoe kwenye kesi. Akakataa, akisema hakuna kinachoonyesha kwamba atapendelea. Mwaka 2007 mahakama ikayafuta yale malipo kwa kura 3 dhidi ya 2. Moja kati ya zile 3 ilikuwa yake.

Caperton akaenda Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 8 Juni 2009, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamuliwa kwamba jaji yule alipaswa kujitoa. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu, hakumwita mwenzake mla rushwa. Hakudai hata kuujua moyo wake. Aliuliza swali jingine: kwa jinsi binadamu tulivyo, je, hatari ya kupendelea ilikuwa kubwa mno? Mtu hawezi kuwa mwamuzi wa kesi yake mwenyewe. Na anayemsaidia jaji kupata kiti wakati kesi yake iko njiani, anakaribia kufanya hivyohivyo. Majaji wanne walipinga, wakiuliza mstari utachorwa wapi. Ni swali la haki, na si jepesi.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nilimsikia yule binti.

Walioamua kuhesabu

Caperton hakuwa peke yake. Kulikuwa na muungano ulioitwa Justice at Stake, uliokusanya asasi zaidi ya 50: za wanasheria, za wapiga kura, za watetezi wa haki. Hazikuelewana katika siasa zote. Zilielewana katika jambo moja, kwamba anayeingia mahakamani asiwe ameshashindwa kabla hajafungua mdomo.

Walifanya nini? Kwanza, walihesabu. Pamoja na taasisi nyingine walichapisha ripoti zilizoonyesha kwamba wagombea wa mahakama za juu za majimbo walikusanya zaidi ya dola milioni 200 kati ya 2000 na 2009, wakati miaka kumi iliyotangulia zilikuwa kama milioni 83. Pili, waliwaeleza wananchi maana ya namba hizo. Tatu, waliidai sheria iwe wazi kuhusu nani anatoa fedha na lini jaji ajitoe. Na katika kesi ya Caperton waliingia kama "marafiki wa mahakama", yaani watu wasio na kesi wanaoruhusiwa kuwapa majaji hoja kwa maandishi. Muungano ule ulifungwa mwaka 2017, lakini fedha katika chaguzi za majaji hazikufungwa nao.

Niwaambie na mwisho wa kesi, maana ukweli haufichwi. Novemba 2009 rufaa iliamuliwa upya bila Jaji Benjamin. Massey ikashinda tena. Basi kazi yote ile ilikuwa bure? Hapana. Mahakama isiyo na upendeleo haikuahidi ushindi. Inakuahidi kwamba ukishindwa, umeshindwa kwa hoja.

Imani yetu inasemaje?

Rudi kwenye Kumbukumbu la Torati. Musa anaonya kwamba zawadi hupofusha macho. Macho ya nani? Ya wenye hekima! Mjinga hakutajwa. Kwa hiyo usijifariji kwamba wewe una akili, au una nia njema.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba hukumu halali inahitaji mambo matatu: itoke katika moyo wa haki, itolewe na mwenye mamlaka, na iongozwe na busara. Mimi nilikuwa na mamlaka ya kuazimwa na moyo nilioudhania safi. Busara ndiyo iliyonikosa, ile ya kujua kwamba mwenye deni hakai kitini.

Na hapa ndipo penye mtego. Thoma huyohuyo anaihesabu shukrani kuwa fadhila. Ni kweli! Yule mama alinitendea wema, na nilipaswa kumshukuru. Lakini shukrani unailipa kwa mali yako, kwa jasho lako, kwa sala zako. Ukiilipa kwa haki ya mtu mwingine, umeiba.

Ndiyo maana Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa 1991, namba 44, alifundisha kwamba ni vema kila mamlaka iwe na mamlaka nyingine ya kuipima, ili sheria itawale, si matakwa ya watu. Hakuna anayetosha kujichunguza peke yake. Nyani haoni kundule, walisema wazee.

Yule hakimu wa Luka 18 angalau alijijua kuwa hamwogopi Mungu. Hakimu mwenye shukrani hajijui. Na mjane alisimama mlangoni peke yake, siku baada ya siku. Asasi zikiungana kulinda mahakama, zinasimama naye.

Tuanzie wapi?

Huna mahakama, lakini una jumuiya, kwaya, kikundi cha kuweka na kukopa. Ukiombwa kuamua, taja madeni yako kwanza, kwa sauti. Deni likigusa kesi, simama umpishe mwingine. Anayekuuliza swali la nauli usimfanye adui. Na kama parokia yako ina Kamati ya Haki na Amani, usiwaachie wazee peke yao.

Mwezi uliopita nilimpigia simu yule binti, nikamwomba msamaha. Akacheka kidogo. "Nilishasamehe, Frateri. Ila kuimba siimbi tena."

Sijui kama uamuzi wangu wa kinanda ulikuwa sahihi. Huenda ulikuwa. Lakini yeye hakupewa nafasi ya kuamini hivyo, na hiyo niliiondoa mimi.

Maswali ya kutafakari

1. Ni nani ninayemdai au anayenidai wema, na unaathirije ninavyoamua?
2. Mara ya mwisho nilipoulizwa swali gumu, nilijibu hoja au nilijitetea?
3. Katika eneo letu, nani anasimama na mjane mlangoni?

Sala

Ee Mungu, Hakimu mwenye haki, uwalinde wote wanaoketi kuamua. Utupe ujasiri wa kunyanyuka kitini tunapokuwa na deni, na moyo wa kumsikiliza anayetuuliza. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.