Jina la Filamu ni Amana



Muhula uliopita tulitengeneza filamu fupi kuhusu mwenzetu aliyekosa kodi ya chumba, akawa analala msikitini. Niliiita "Ombaomba wa Chuo", nikidhani jina kali litavuta watazamaji. Mwenyewe alipoliona bango aliniuliza, "Kaka, kwani nimemwomba nani?" Sikuwa na jibu.

Jina hutangulia filamu, na wengi huhukumu kwa jina tu. Filamu ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976 kwanza ilibeba jina la Mtume (s.a.w.). Wapo walioamini kuwa Anthony Quinn ameigiza Mtume, kumbe aliigiza Hamza (r.a.), Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki. Machi 1977, mjini Washington, watu wenye silaha walishika mateka wakidai, pamoja na mengine, filamu hiyo isionyeshwe. Leo inajulikana zaidi kama The Message, yaani Ujumbe, na ndicho kilichomo.

Basi kabla ya kuchapisha bango, jiulize: Je, jina linaahidi kisichomo? Asiyeiona filamu ataelewa nini? Je, linamvunjia heshima aliyetuamini na habari zake? Suratul Hujuraat, aya ya 11, imetukataza kuitana kwa majina mabaya.

Filamu yetu sasa inaitwa "Taa ya Msikitini", kwa kuwa ndiyo aliyosomea usiku. Siku ya kuionyesha, mwenzetu alikaa safu ya mbele.

Wabillahi tawfiq.