Kwa Nini Paka Huparura Viti?

Katika Kata ya Endagikot, wilayani Mbulu, mahindi na maharage yaliyovunwa huvutia panya, na panya ndio sababu ya kufuga paka. Jambo hili si dogo wilayani humo: tauni, ambayo huenezwa na viroboto wa panya, ilizuka tena Mbulu mwaka 2007. (Paka naye huweza kuugua tauni kwa kula panya mgonjwa, aliyedhoofika asishikwe kwa mikono mitupu.) Hata hivyo, mwindaji huyo huweza kufukuzwa nyumbani kwa kosa la kuparura viti.

Paka haparuri kwa utundu. Ukucha wake hukua kwa matabaka. Tabaka la nje likichakaa hubanduka kama ala, na ncha mpya yenye makali hutokeza. Mwanafunzi akichunguza sakafu chini ya kiti kilichoparuliwa, aghalabu ataziokota ala hizo. Tena, miguuni mwa paka, baina ya vidole, mna tezi zitoazo harufu. Hivyo alama aiachayo huonekana na pia hunuswa na paka wengine. Aamkapo usingizini hukita makucha mahali imara ili anyoshe misuli ya mabega na mgongo.

Kwa hiyo kumchapa hakufai kitu: atajifunza kumwogopa mwenye fimbo, kisha ataparura mwenye fimbo akitoka. Kumng'oa makucha ni kubaya zaidi. Ukucha umeota katika mfupa wa mwisho wa kidole, na kuuondoa ni kukikata kidole chenyewe. Paka wa namna hiyo atashikaje panya?

Lililobaki ni kumpa pengine pa kuparura. Nguzo ya mti yenye urefu wa sentimita 75 au zaidi ipigiliwe kwenye kitako kipana, kisha izungushiwe kamba ya katani. Isitikisike hata kidogo, maana paka huikimbia nguzo inayoyumba. Iwekwe kando ya kile kiti kilichoharibiwa, wala si pembeni kusikoonekana, na kiti kifunikwe kwa muda kwa nailoni inayoteleza. Kila aitumiapo nguzo, apewe dagaa papo hapo.

Darasa laweza kulinganisha nguzo mbili, moja ya katani na nyingine ya gogo lenye magome, likihesabu mikwaruzo mipya kila asubuhi kwa siku 14. Nguzo iliyochanika isitupwe upesi: imekwisha kubeba harufu ya paka, naye huipenda kuliko mpya.