Mtoto Aliyeletwa Mjini: Amesaidiwa au Ametumiwa?



Kitabu cha Mwanzo, sura ya 37, kinatusimulia jinsi Yusufu, kijana wa miaka 17, alivyouzwa kwa vipande 20 vya fedha. Waliomuuza hawakuwa wanyang'anyi wa njiani, bali ndugu zake. Tukilishika jambo hilo tutaelewa jinsi watoto wanavyosafirishwa na kunyonywa hata leo hapa Dar es Salaam.

Inavyoanza

Wengi wetu tunadhani mtoto anayeuzwa ni yule aliyetekwa kwa nguvu. Mara nyingi sivyo. Shangazi au jirani wa zamani anafika kijijini, Iringa, Singida au Dodoma, na kuwaambia wazazi: "Nipeni huyu, nitamsomesha." Wazazi wanashukuru na kumbariki mtoto wao. Anapanda basi, anashuka Mbezi, anapelekwa Mbagala, Tandika au Mwananyamala. Huko shule haitajwi tena. Anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na mshahara wake eti "anatunziwa". Wengine wanatoroka, wakaangukia mikononi mwa watu wabaya zaidi.

Sheria inasemaje?

Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu mwaka 2008. Kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, kusema "alikubali mwenyewe" au "wazazi waliridhia" si utetezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, tena inadai alipwe haki yake.

Falsafa inatusaidia nini?

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana na Immanuel Kant, aliyefundisha mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia malengo ya mwingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 27, unaihesabu biashara ya wanawake na watoto kati ya mambo yanayomvunjia Muumba heshima.

Kumtuma mtoto maji si dhambi, sote tulichota. Basi tutatofautishaje malezi na matumizi? Tujiulize: mtoto huyu akiugua mwezi mzima asiweze kufua wala kupika, atabaki kuwa mtoto wa nyumba hii, au atatafutiwa nauli?

Kazi ya mashirika, na kazi yetu

Mashirika kama KIWOHEDE, lenye makao yake hapa Dar es Salaam, huwahudumia wasichana walionyonywa majumbani na katika biashara ya ngono. Kazi ya namna hii ni ndefu: kumpa mtoto hifadhi na ushauri nasaha, kutafuta familia yake, kumrudisha shuleni au kumfundisha ufundi. Kanisa linaijua kazi hiyo. Kuanzia mwaka 1868, Mapadre wa Roho Mtakatifu waliwakomboa watoto watumwa na kuwalea Bagamoyo. Lakini kukomboa peke yake hakukulifunga soko: kila mtoto aliyekombolewa, wengine waliletwa, kwa kuwa wanunuzi walikuwapo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873.

Na leo soko liko wapi? Liko penye nyumba inayompokea mtoto bila kuuliza ana umri gani, anasoma wapi, na mama yake anampata kwa simu ipi. Huenda nyumba hiyo ina msalaba ukutani. Mashirika yatamwokoa mmoja mmoja. Kuufunga mlango huo ni kazi ya jumuiya zetu ndogondogo, ambazo wanajumuiya wake wanafahamiana nyumba kwa nyumba.

Tarehe 8 Februari tunamkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyetekwa Sudan akiwa mtoto na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000. Tangu mwaka 2015 Kanisa huadhimisha siku hiyo kwa kuwaombea waathirika wa biashara hii. Tusali, kisha tutende.

Maswali kwa jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni watoto gani hatuwaoni shuleni wala kanisani?
2. Nani kati yetu atawatembelea, kwa upole na bila kuwaaibisha?
3. Je, kila mmoja anajua kwamba namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure?