Nguo za Kwenda Msibani

Somo la kujadiliana nyumbani na katika vikundi. Someni kwanza: 2 Samweli 12:15–23, Matendo 9:36–42, Yakobo 2:1–4.



Ibada ya maziko katika Kitabu cha Sala imepanga zaburi, masomo, sala, hata wakati wa kutupa udongo kaburini. Juu ya nguo za waombolezaji haisemi neno. Jambo hilo wameachiwa watu na mila zao, na ni vema lilivyoachwa. Lakini vijana wetu siku hizi huuliza, na tena wako watu wanaokosa maziko kwa sababu ya nguo. Kwa hiyo yafaa tulizungumze.

Anayejiandaa kwenda msibani ajiulize kwanza anakwenda kufanya nini huko. Mwanamke wa kwetu Tanga haendi kukaa kitini. Ataketi mkekani, miguu ameinyosha, pengine tangu asubuhi hadi jioni. Ataitwa jikoni kupepeta mchele na kuchota maji. Atamkumbatia mfiwa, na machozi ya mfiwa yatamwangukia begani. Kwa kazi hizo sijaona nguo inayoishinda doti ya kanga juu ya gauni pana, kipande kimoja kiunoni na kimoja cha kujitanda kichwani na mabegani. Kanga hiyo hiyo itamfunika mfiwa akizimia, na itambeba mtoto wa mtu akilala. Mwenye sketi ya kubana husimama mlangoni kama mgeni, kwa kuwa kuketi hawezi.

Ila soma jina la kanga kabla hujajifunga. Kanga zetu husema, na nyingine zimeandikwa mafumbo ya kumrushia jirani. Ukiingia na kanga ya kijembe katika nyumba ambamo ndugu wamekwisha anza kugombania mali ya marehemu, hapana atakayeamini kwamba ulichukua tu iliyokuwa juu sandukuni.

Wanaume kazi yao ni kuchimba, kubeba jeneza na kufukia. Shati safi, suruali isiyobana, na viatu vya kukanyagia tope vinatosha. Wakati wa masika udongo wa makaburini huteleza, na kijana aliyeshika jeneza huku amevaa viatu vya soli laini ni hatari kwake na kwa wenziwe. Suti si kosa, mradi mwenyewe asiifanye udhuru wa kutoshika jembe.

Jirani zetu wengi ni Waislamu, nasi huenda kuwahani kama wao wanavyokuja kwetu. Huko mwanamke ajifunike vizuri kichwa na mikono, na kila mtu avae viatu vya kuvulika upesi, maana vitaachwa nje ya jamvi. Mjane wa Kiislamu akiwa katika eda, yaani miezi 4 na siku 10, huacha mapambo na manukato. Basi anayekwenda kumtazama naye asinukie kama aendaye harusini.

Wengine hudhani kuvaa nyeusi ni amri ya Kikristo. Sivyo. Jirani zetu Wahindu huvaa nyeupe wanapofiwa, na makasisi wetu, ambao zamani walivaa nyeusi katika misa ya wafu, leo wengi huvaa zambarau au nyeupe, rangi ya Ufufuko. Desturi ya nyeusi ilipata nguvu sana Uingereza wakati wa Malkia Victoria. Mumewe, Prince Albert, alifariki Desemba 1861, na Malkia akavaa nyeusi mpaka alipokufa mwenyewe Januari 1901, miaka 39. Zama hizo hizo ndipo misheni ya UMCA ilipohamia Unguja, mwaka 1864. Mjini London lilikuwako tangu mwaka 1841 duka kubwa la nguo za msiba, na hata maskini waliona aibu wasipozinunua. Mwandishi Charles Dickens alichukizwa na mambo hayo. Alipofariki Juni 1870, ilionekana ameandika katika wosia kwamba watakaohudhuria maziko yake wasivae skafu, joho, utepe mweusi wala kofia yenye kitambaa kirefu.

Nimemtaja kwa sababu nasi sasa tuna jambo letu la namna hiyo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nasema juu ya sare za msiba.

Siwalaumu wanaozipenda. Familia ikivaa kitenge kimoja huonekana ni familia moja, na mgeni hujua nani apewe mkono wa pole. Lakini tufanye hesabu kidogo. Tuseme kitenge ni Sh. 25,000 na fundi anataka Sh. 15,000. Watu 30 wa ukoo watatumia Sh. 1,200,000, kabla hatujahesabu mchele, maturubai na jeneza. Aghalabu wanaolipa ni wale wale waliokwisha maliza akiba yao hospitalini. Fundi naye hupewa siku mbili tu, kwa hiyo hushona usiku na kutoza zaidi. Baada ya hapo zimekuja fulana zenye picha ya marehemu. Mimi nimeona fulana kama hiyo ikipangusa sakafu mwaka uliofuata, na uso wa mzee wa watu umo.

Liko baya zaidi ya fedha. Mama mmoja ninayemfahamu aliimba kwaya pamoja na rafiki yake miaka mingi. Rafiki alipofariki, wenzao walichagua kitenge na kuchangishana. Yeye hakuwa na fedha, na hakutaka asimame katikati ya mstari amevaa tofauti, watu wote wamtazame. Akabaki nyumbani. Alisikia kengele ya kanisa akiwa jikoni kwake, na rafiki yake akazikwa pasipo yeye. Hapana mtu aliyemkataza kuja.

Mtume Yakobo aliandika juu ya mkutano ambamo mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri hupewa kiti, na maskini mwenye nguo mbovu huambiwa asimame kule. Sisi hatusemi hivyo kwa midomo, lakini mstari wa vitenge umesema kwa niaba yetu. Tazama tena habari ya Dorkasi kule Yafa. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha nguo. Hazikuwa nguo zilizoshonwa kwa ajili ya msiba. Ni zile alizowashonea marehemu mwenyewe alipokuwa pamoja nao.

Nini basi? Familia itangaze rangi, isitangaze kitambaa. Au iseme tu kila mtu aje na kanga aliyo nayo. Kwaya ivae majoho yake, na Umoja wa Akina Mama sare yao, kwa kuwa hizo wanazo tayari. Wakitaka kitenge hata hivyo, mwenye kukusanya fedha aulize kwa siri nani hawezi, na wawili wenye uwezo wamlipie bila jina lake kutajwa. Sisi wazee tuna la kufanya mapema, tena tukiwa wazima: kuwaambia watoto wetu tunataka nini. Wangu nimekwisha waambia, na nimeandika, ili asiwepo wa kusema Mwalimu angependa sare.

Maswali ya kujadiliana: Daudi alioga na kubadili nguo mtoto wake alipokwisha kufa, si kabla. Kwa nini watumishi wake walishangaa? Je, katika mtaa wenu yuko mtu aliyekosa maziko kwa ajili ya nguo, na nani atakwenda kumwona wiki hii?