Kuutazama Mji wa Dar es Salaam ya Kale

Sisi tukaao Kawetele twapita Tukuyu kila siku ya soko, wala hatukumbuki kwamba mji huu Wadachi waliuita Neu Langenburg. Jicho huzoea. Basi kwa ajili ya wale watakaoshuka pwani kwa gari la moshi la TAZARA kutoka Mbeya (wachukue chakula cha kutosha, na subira), twapenda kueleza habari za mji ule mwingine, maana mambo yake na ya kwetu yamefungamana.

Aliyeanza kuujenga ni Sultani Majid wa Unguja, katika miaka ya 1860. Alipokufa mwaka 1870 kazi ililala. Boma la Kale, la mawe ya matumbawe, ni la siku zake. Mwaka 1891 Wadachi walihamishia serikali yao huko kutoka Bagamoyo. Kanisa la Kilutheri la Azania Front lilimalizika mwaka 1902. Lina kuta nyeupe, paa la vigae vyekundu, na mnara uonekanao kutoka bandarini. Aingiaye asiwe na haraka ya kutoka. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yataka siku yake peke yake.

Lakini hasa twataka msimame mbele ya sanamu ya Askari, katika njia ya Samora. Zamani za Wadachi mji ulikuwa na sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana. Jina lake lilipewa hata meli iliyotembea katika ziwa letu la Nyasa. Katika sanamu ile yeye alisimama juu, na chini yake askari Mwafrika asiye na jina, amemwinulia macho. Baada ya vita Waingereza waliiondoa. Ikafika Hamburg, ikasimamishwa huko mwaka 1922, hata mwaka 1968 wanafunzi wakaiangusha.

Hii ya sasa ilisimamishwa mwaka 1927, askari peke yake na bunduki yake. Maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, kuwakumbuka askari na wapagazi waliokufa katika vita vya 1914 hata 1918. Yasema kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Tafuteni jina la mtu pale: halimo hata moja.

Nasi twajua ya kuwa Waingereza walipoutwaa Neu Langenburg mwaka 1916, mizigo ya vita haikujibeba. Wanaume wa Rungwe waliibeba, na wengine hawakurudi. Wana wao sasa wamekwisha kufa. Waliobaki ni wajukuu, nao ni wazee. Kwa hiyo kabla ya safari, kila mwalimu awaulize wazee wa mtaa wake majina ya wapagazi wa nyumba zao, ayaandike katika daftari, ajue asimamapo mbele ya sanamu ile amesimama mbele ya nani.