Vichakataji Vipya vya Seva na Taarifa za Mgonjwa
Seva ni kompyuta kuu inayohifadhi mafaili ya wagonjwa, majibu ya maabara na picha za mionzi. Ubongo wake ni kichakataji, ambacho viini vyake hugawana kazi. Mwaka 2024 kampuni ya AMD ilitoa vichakataji vya EPYC vyenye viini hadi 192; kizazi kinachofuata, Venice, kimetangazwa kuwa na viini hadi 256. Kadiri viini vinavyoongezeka, ndivyo seva moja inavyoweza kuwahudumia watumishi wengi kwa pamoja, na mgonjwa hangoji. Hata hivyo, kichakataji cha viini 192 huhitaji umeme wa takribani wati 500 na hutoa joto jingi. Hospitali iandae kwanza umeme wa akiba, vipoza joto na nakala rudufu, kwani kasi hairejeshi faili lililopotea.